Mapumziko ya Mke wa Mpanda Milima

Habari za kifo chake nilizikuta mashineni, mtaani Bombambili, nikiwa kwenye foleni ya kusaga mahindi. Mama aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniambia, "Umesikia, mwalimu? Yule mzee wa mabuti amefariki." Mashine ilikuwa inanguruma, nikamwomba arudie, akarudia kwa sauti kubwa mpaka msagaji mwenyewe akasikia, akazima mota. "Yupi? Yule mpanda milima?" Ndiye huyo huyo. Watu wakaanza: maskini, Mungu amlaze mahali pema, mji umepoteza mtu. Mimi nilitikisa kichwa kama wenzangu, lakini ninyi mnaonisoma kila wiki sitawaficha: huzuni sikuisikia hata ya kujaza kijiko. Niliyemfikiria ni mkewe, yule mwalimu mwenzangu anayechechemea. Mji mzima unajua kwamba aliteleza bafuni akavunjika mguu. Mimi na mke wangu tulijua kwamba hakuteleza bafuni. Nikajiuliza, pale pale kwenye foleni, kama mjane huyu ataendelea kuubeba uongo ule hata baada ya mwenye uongo kuzikwa.

Najua tulivyolelewa. Marehemu hasemwi vibaya. Tena najua wapo watakaosoma haya wakacheka, wakasema, "Aa, huyo Mhehe anamtania Mngoni wake, ni haki yake." Ni kweli mimi ni Mhehe. Nimeoa hapa Songea na nimezeekea hapa hapa, na kwa desturi marehemu alikuwa mtani wangu. Kila tulipokutana aliniuliza kama mbwa wa jirani zangu bado wametimia, maana Wahehe tunasingiziwa kula mbwa, nami nilimjibu kuwa nawanenepesha, nangoja msiba wake nipate kitoweo. Huo ni utani, na utani hauna kinyongo. Haya ninayoandika leo yana kinyongo. Msiyachanganye.

Kwa wasiomfahamu: alikuwa mkuu wa tawi la shirika moja la umma ambalo siku hizi halipo, limekwisha kuuzwa, na ghala lake sasa limejaa marobota ya mitumba. Zamani kidogo, mambo ya ruksa na biashara huria yalipoanza, alipelekwa Ulaya kusoma kozi. Enzi hizo kila aliyetoka nje alirudi na kitu. Huyu alirudi na redio kaseti, yule na video. Yeye alirudi na milima. Wenyeji wake huko walikuwa wakimpeleka mwisho wa wiki kutembea kwenye vilele vyenye theluji, kuzunguka maziwa yaliyo juu huko kama maji yaliyosahauliwa bakulini, naye ugonjwa ukamwingia. Alishuka kwenye basi pale stendi amevaa mabuti mazito, soksi za sufu hadi magotini na fimbo yenye ncha ya chuma, na jua la Songea likimchoma utosini. Tangu siku hiyo likizo zake hazikuwa za kwenda kumwona mama yake kijijini. Zilikuwa za mlimani, yeye na mkewe. Walikwenda Rungwe. Walikwenda ziwa Ngozi, lile lililojificha ndani ya mlima. Walitembea juu ya safu ya Livingstone mpaka wakaliona ziwa Nyasa lote chini yao. Walikwenda Meru. Waliporudi alitualika nyumbani kuonyeshwa picha, mkewe akituletea chai na maandazi, naye akitueleza mambo ya vilele kana kwamba vilikuwa shamba lake.

Haki yake nimpe: hakuwa mlevi, wala hakuwahi kumpiga mkewe. Watu wa hapa wakishasema hivyo kuhusu mwanamume wanaona wamemaliza, mtu anastahili misa kubwa. Mimi sioni hivyo. Mwanamume anaweza kumtesa mkewe kwa miguu yake mwenyewe, kwa namna anavyotembea tu, na nitawaeleza nilivyoliona jambo hilo kwa macho yangu.

Jumapili moja alitukaribisha, mimi na mke wangu, tupande nao Matogoro, kilima chetu hiki hiki tunachokiona kila tukifungua dirisha. Yeye alikuwa akijinoa kwa safari kubwa. Njiani tulikutana na bibi mmoja anashuka na mzigo wa kuni. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akatutazama mabuti mpaka kofia. "Wanangu, mmepotelewa na ng'ombe?"

"Hapana, bibi," marehemu akajibu. "Tunatafuta afya."

"Hee! Afya iko juu huko? Basi mkiipata mniletee, maana mimi nashuka huko kila siku na mgongo unaniua."

Tulicheka, ila yeye hakucheka. Akaongeza mwendo. Alikuwa na miguu mirefu na pumzi ya ng'ombe wa jembe, baada ya dakika chache hakuonekana. Sisi tulimfuata na mkewe aliyekuwa akihema, mwanamke mnene kidogo, mwenye mwendo wa taratibu usiokatika. Tulipokata kona tukamkuta mumewe amekaa juu ya jiwe, amekunja nne, amekwisha kunywa maji na kufuta jasho. Nikasema moyoni, afadhali, kumbe anasubiri. Lakini sikilizeni. Mara tu kichwa cha mkewe kilipochomoza kwenye kona, kabla mama wa watu hajafika hata kwenye jiwe lenyewe, yule bwana akasimama, akajikung'uta suruali, akasema, "Haya, twende!" Na akaondoka. Ikawa hivyo hivyo kona ya pili, na ya tatu, mpaka juu. Yeye alipumzika kila mahali, mkewe hakupumzika popote. Mke wangu, ambaye si mtu wa kunyamaza, akamwambia, "Shemeji, si ungemwacha mwenzio akae kidogo?" Akajibiwa, "Lakini nimemsubiri!" Na alikuwa anaamini kwamba amesubiri. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia, na sikuwahi kuacha.

Baadaye niligundua kuwa kazini alikuwa mtu yule yule. Zilipokuja amri za kupunguza wafanyakazi, mnakumbuka wenyewe ule mwaka ambao kila nyumba ilikuwa na mtu amekaa barazani mchana kweupe, aliwakusanya watu wake uani mbele ya ghala. Angeweza kuwaambia kwamba amri imetoka juu, pole sana, tutaangalia la kufanya. Yeye aliwahutubia juu ya milima! Akasema shirika liko safarini kwenda kileleni, na kileleni hawafiki wote, wenye mwendo mzito wabaki chini wasiwacheleweshe wenzao. Pale mbele alisimama mama mmoja Mhehe mwenzangu, aliyekuwa akifagia ofisi yake na kumpikia chai tangu siku tawi lilipofunguliwa. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Aliinua mkono akauliza, "Mzee, na sisi tuliobeba vyombo vyako mpaka hapa?" Bosi akacheka. "Wewe mtani, wewe ni mpagazi. Mpagazi akishusha mzigo anarudi kwao." Watu wengine nao wakacheka kwa woga, maana majina yalikuwa hayajasomwa. La mama huyu likasomwa la kwanza. Tangu hapo anauza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nyuma ya soko, na ulanzi wake ni mzuri, lakini lile neno la mpagazi hakulimeza mpaka leo.

Sasa nije kwenye mguu. Ile safari kubwa aliyokuwa akijinoa kwa ajili yake ilikuwa ya Mlima Kenya. Huko, kwa picha nilizoziona, kuna maziwa madogo chini kidogo ya vilele, maji ya kijani yaliyotulia, na baridi inayomaliza hata sauti ya mtu. Walifika kwenye ziwa mojawapo asubuhi, wao wawili na kijana mwenyeji wa kuwaonyesha njia. Mkewe alikuwa amechoka, kichwa kinamgonga. Mumewe akamwambia, "Kaa hapa ziwani. Nikirudi tutakula." Akamwachia chupa ya chai, akamchukua yule kijana, akaenda zake kileleni. Ukungu ukashuka. Mama wa watu akakaa. Chai ikaisha. Vidole havisikii tena. Alipoona akiendelea kukaa atagandia pale pale kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, akainuka aufuate mkondo wa mawe ambao mumewe alipitia, akaenda kwa haraka kwa sababu ya hofu, akateleza kwenye jiwe lenye barafu, na kifundo cha mguu kikavunjika. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakutuambia inakuwaje mwenda pole akilazimishwa kukimbia. Alilala pale akiita mpaka wageni fulani wapita njia, watu asiowajua kwa rangi wala kwa lugha, wakamsikia, wakambeba kwa zamu mpaka kwenye kibanda cha wasafiri. Mlango ulipofunguliwa, nani alikuwa ndani karibu na moto, mabuti ameyavua, kikombe mkononi? Kumbe alishuka kwa njia nyingine, iliyo fupi, bila kupita ziwani. Alimtazama mkewe aliyebebwa na wageni akasema, "Ala! Mimi nilidhani umeshatangulia."

Yule mama alipomsimulia mke wangu habari hizi, jikoni kwetu, hakulia. Alifika kwenye maneno hayo akasimama, akasema, "Nitangulie? Mimi? Lini nimewahi kutangulia, dada?" Kisha akatuapisha tusiseme. Mumewe alikuwa ameshawaambia watu kwamba alianguka bafuni baada ya kurudi, maana mpanda milima hawezi kusemwa kuwa alimpoteza mkewe mlimani. Ukutani kwao sebuleni ikatundikwa picha kubwa: bwana kileleni peke yake, fimbo juu, mawingu chini. Mfupa haukuunga vizuri. Mama akarudi darasani na mkongojo, watoto wakimbebea daftari, na kila aliyemwambia pole kwa kuanguka bafuni alimjibu, "Ahsante." Nimekaa naye chumba cha walimu miaka mingi nikiisikia hiyo ahsante. Ilinichoma mimi kuliko yeye, au ndivyo nilivyofikiri.

Basi tukaenda kuzika. Makaburi ya ukoo wao yako kijijini, upande wa barabara ya Peramiho, juu ya mteremko ambao gari haliwezi kupanda. Chini pale, uani, ilisomwa risala na mmoja wa wafanyabiashara wetu wapya. Mungu anisamehe, niliuma meno. Marehemu alikuwa mfano wa ndoa za kisasa! Marehemu hakwenda mahali bila mkewe! Vilele vyote alivyovifikia, alivifikia naye bega kwa bega! Nilimtazama mjane. Alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya khanga nyeusi, mkongojo magotini, na mama mmoja wa jumuiya yao ya kanisani akimpapasa mgongo akimwambia, "Pole sana, mama, na mguu wako huo wa bafuni, sijui utapandaje." Nikamsikia akijibu, "Ahsante."

Jeneza likainuliwa. Wingu zito lilikuwa linatoka upande wa Matogoro, padri alikuwa ameshatangulia makaburini, na wabebaji, vijana wenye nguvu na mabwana wa suti waliotaka kuonekana, wakapanda kwa kasi. Sisi tukawafuata. Mjane akabaki nyuma na wanawake wawili. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo watu wanavyotembea mvua ikitisha.

Hapo ndipo watani walipoingia kazini. Yule mama wa ulanzi alikuwa ameingia chumbani kwa marehemu tangu asubuhi, kama desturi inavyomruhusu, akatoka na mabuti miguuni, yanampwaya, soksi za sufu juu ya magoti na fimbo ya chuma begani. Alikuwa amewachekesha waombolezaji siku nzima kwa kuigiza mwendo wa marehemu, hatua ndefu, kidevu juu. Tulipofika katikati ya mteremko tukamkuta amesimama njiani, fimbo ameilaza mbele ya jeneza.

"Tua!"

"Mama, tupishe, mvua hiyo."

"Tua nimesema! Mnampeleka wapi peke yake? Si tumesomewa hapo chini kwamba huyu haendi mahali bila mkewe? Bega kwa bega! Haya, bega la pili liko wapi? Mimi mpagazi tu, nielezeni."

Watu wakacheka. Mtani hapingwi, hasa njiani kuelekea kaburini, kwa hiyo jeneza likatuliwa kwenye majani. Nataka mwelewe kwamba yule mama hakujua lolote la Mlima Kenya. Alikuwa anaigiza kile ambacho mji mzima ulikiona kila Jumapili barabarani: mwanamume mbele, mkewe mbali nyuma. Tukasimama. Kule chini tukausikia mkongojo ukigonga mawe. Kisha kichwa cha mjane kikachomoza kwenye kona, na mara tu kilipochomoza, wabebaji wote wakainama, wakashika vipini, na yule msoma risala akasema, "Amefika. Haya, twende!"

Nilimwona mke wangu akifunika mdomo kwa mkono. Mjane naye alisikia. Alipanda zile hatua zilizobaki, akafika usawa wa jeneza, akalitazama, halafu akawatazama wale mabwana waliokwisha kuliinua nusu.

"Liwekeni chini," akasema. "Nakaa kwanza."

Wakaliweka. Kulikuwa na jiwe pembeni ya njia, akakaa. Akavua kiatu cha mguu ule, akauweka juu ya paja, akaanza kuukanda kifundoni. Matone ya kwanza yakaanguka. Yule mama wa jumuiya akaharakisha kumfunika na khanga yake. "Pole, mama. Huo mguu wa bafuni huo."

"Si wa bafuni," mjane akasema, na hakuipandisha sauti wala kuishusha. "Bafuni sijawahi kuanguka. Mguu huu ulivunjika Mlima Kenya. Aliniacha ziwani akaenda kileleni, akashuka kwa njia nyingine, akaenda kunywa chai kibandani. Walionibeba ni watu baki. Nimesema bafuni miaka yote hii kwa ajili yake. Sasa yeye hana haja nayo tena."

Sijui kama mmewahi kuona mteremko mzima wa watu ukikosa pa kuweka macho. Msoma risala aliitazama karatasi yake kama imemtukana. Mama wa ulanzi alikaa chini kwenye tope, akayavua yale mabuti, akabaki pekupeku. Mvua ikazidi. Hakuna aliyesema "haraka", hakuna aliyetazama saa. Mjane aliukanda mguu wake mpaka akaridhika, akafuta uso, akaomba maji, akanywa. Akapumzika, jamani. Mbele ya jeneza la mumewe, mbele ya mji, huku suti za watu zikilowa, alipumzika kadiri alivyotaka. Kisha akavaa kiatu, akashika mkongojo, akasimama.

"Haya," akasema. "Sasa twendeni."

Akatangulia. Sisi tukamfuata kwa mwendo wake, jeneza nyuma yake, hatua kwa hatua hadi juu, na padri akatungoja.

Najua nimemsema marehemu, na barua za kunilaumu zitakuja. Zije. Siku hizi tunaambiwa nchi nzima iko mlimani, kila mtu apande kwa pumzi zake, na tunawapigia makofi waliofika. Mimi sina ugomvi na kilele. Ila mkimwona mtu kileleni peke yake, ameinua fimbo anapigwa picha, msimpongeze kabla hamjauliza ni nani aliyeachwa ziwani, na chai yake ilikwisha lini. Na ninyi mnaosema mnawasubiri wenzenu, waume, mabosi, wakubwa wote, jipimeni kwa jambo moja tu: yule wa nyuma akifika, je, anapata kukaa? Kama ninyi mnainuka pale pale anapofika, basi hamkumsubiri. Mlikuwa mnapumzika.

Mke wangu ananiambia nimwombee marehemu, maana sisi ni Wakristo. Nimemwombea. Sikumwombea apumzike, kwa kuwa hilo alilifanya vya kutosha kwenye kila jiwe la kila mlima. Nimemwombea toharani ndefu, mahali penye kona. Na mkewe nimemwombea miaka mingi na mwendo wake ule ule wa taratibu. Halafu siku yake ya kufa ikifika, kichwa cha mama kikachomoza kwenye kona, yule bwana akimwona anakuja, Mungu amshike mabega asisimame.